Magurudumu Yakigusa, Miguu Isilale

Ripoti za ajali za ndege ndogo zinachosha kusoma kwa jinsi zinavyofanana. Hali ya hewa nzuri, njia ya kurukia na kutua ndefu ya kutosha, injini haina tatizo, rubani ana leseni halali. Ndege inagusa chini, inakimbia kidogo, kisha pua inaanza kugeukia upande mmoja, mara nyingi kule upepo unakotoka. Inaacha njia, mguu wa mbele unavunjika, pangaboi linachimba udongo. Watu wanafungua milango na kutoka wenyewe. Wachunguzi wanaandika LOC-G, yaani ndege imemshinda rubani ikiwa ardhini, au RE, yaani imeacha njia. Kama iligusa vibaya tangu mwanzo, ni ARC.

Katika ajali za ndege ndogo zinazotokana na urubani wenyewe, za kutua ndizo nyingi kuliko zote, na kwa bahati nzuri zinaua watu wachache. Nadhani ndiyo sababu hazijadiliwi sana. Hazina msiba, zina bili tu.

Mafunzo mengi yanatumia muda mwingi kwenye kuinua pua kabla ya kugusa, na muda mchache mno kwenye kinachofuata. Mimi naona hatari kubwa iko baada ya kugusa, mwendo unaposhuka kutoka noti 40 hadi 20. (Noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85.)

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua Cessna 172 iliyogusa kwa noti 60, upepo wa noti 10 ukiipiga ubavuni moja kwa moja. Nguvu ya usukani wa mkia, ule unaosukumwa kwa pedali, inafuata mraba wa mwendo. Ukiwa noti 60 unayo yote. Ukifika 30 umebakiwa na robo, ukifika 20 una sehemu moja ya tisa. Upepo nao haujapungua. Kwenye noti 60, hewa inaipiga ndege kutoka nyuzi 9 au 10 kando ya pua. Kwenye 30 ni nyuzi 18. Kwenye 20 ni karibu 27. Kadiri unavyopunguza mwendo, ndivyo upepo unavyozidi kuwa wa ubavuni, na ndivyo silaha yako inavyopungua. Bapa la mkia lililosimama wima liko nyuma sana ya magurudumu makuu, kwa hiyo upepo unausukuma mkia na pua inageukia joshini, yaani kule upepo unakotoka.

Kinachotakiwa kupokea kazi hiyo ni matairi. Lakini tairi linashika ardhi kwa kadiri ya uzito uliolikalia, na mara tu baada ya kugusa mabawa bado yamebeba sehemu kubwa ya uzito, hasa flapu, yale mabapa ya nyuma ya mabawa yanayoyaongezea uwezo wa kubeba, zikiwa zimeshushwa zote. Kwa hiyo kuna sekunde chache ambapo usukani wa mkia umeshadhoofika na matairi hayajashika sawasawa. Na hapo ndipo rubani anaposhusha pumzi, analegeza mikono, anatafuta mahali pa kukatia kuelekea maegesho na kuanza kujibu redio. Redio ingoje. Mnara ukitaka jibu utauliza tena.

Sasa mikono. Kosa la kwanza ni kuuacha usukani wa mkononi ukae katikati baada ya kugusa. Wakati wa kushuka ulikuwa umelaza bawa la joshi ili ndege isisukumwe kando, na umekanyaga pedali ya upande wa pili ili pua ielekee sawa na njia. Magurudumu yakigusa, mzungusho ule wa usukani kuelekea joshini hauondolewi. Unaongezwa polepole kadiri mwendo unavyoshuka, mpaka ukifika mwendo wa kutambaa uwe umezungushwa hadi mwisho. Aileroni, vibapa vya kwenye ncha za mabawa vinavyoendeshwa na usukani huo, nazo zinadhoofika kwa mraba uleule, kwa hiyo kupata kazi ileile unahitaji kuzifungua zaidi. Kuna faida nyingine: aileroni iliyoshuka upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, inaburuta hewa zaidi, na mburuto huo unaisaidia pua isigeukie joshini. Rubani anayenyoosha usukani anapoteza mambo mawili kwa mpigo. Bawa la joshi linainuka, uzito unaondoka kwenye tairi la upande ule, na pua inakwenda.

Kosa la pili ni la watu waliojua gari kabla ya ndege: pua ikienda kushoto, wanazungusha usukani kulia. Usukani ule hauna uhusiano wowote na gurudumu la mbele. Upepo ukiwa wa kushoto, kuuzungusha kulia ni kuualika uinue bawa la kushoto. Anayeelekeza ndege ardhini ni mguu.

Mguu nao una adabu zake. Visigino vikae sakafuni mpaka ndege itulie kwenye magurudumu yote. Breki za ndege nyingi ndogo ziko juu ya pedali, zinakanyagwa kwa vidole, na rubani aliyepandisha miguu juu ili awe tayari anagusa chini huku breki zimeshikwa bila kujua. Tairi lililofungwa halizunguki, linasuguliwa sehemu moja hadi linatoboka, na upande uliopasuka unaivuta ndege kwake. Buti zenye soli nene hazifai. Unatakiwa uisikie pedali.

Pua ikianza kuondoka, kanyaga kwa haraka, kisha legeza, kisha tazama. Ukikanyaga na kuacha mguu pale ukingoja matokeo, ndege inarudi kwa kishindo, inapita mstari, unakanyaga upande wa pili, na kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Macho yawe mwisho wa njia, si mbele ya pua, kwa sababu ukitazama karibu unaona mgeuko ukiwa umeshakuwa mkubwa. Usihangaike pia kurudi kwenye mstari wa katikati. Umegusa mita tatu kando? Nenda sambamba na mstari, hukohuko ulipo, mpaka usimame. Njia ya mita 23 au 30 ina nafasi ya kutosha kwa ndege ambayo magurudumu yake yanatenganishwa na mita tatu hivi tu.

Breki zinaingia mwisho, uzito ukishakaa juu ya matairi, na usukani ukiwa umevutwa nyuma ili mguu wa mbele usibebeshwe mzigo wote. Wapo wanaopandisha flapu mara tu wanapogusa ili uzito uhamie kwenye matairi. Kwenye njia fupi ina maana, ila kwenye ndege inayokunja magurudumu sikushauri kabisa, kwa kuwa mkono unaotafuta flapu umewahi kushika swichi ya magurudumu mara nyingi mno. Beechcraft Bonanza na Baron za zamani swichi hizo mbili zimepangwa kinyume na ndege nyingine nyingi. Ondoka njiani, simama, ndipo upandishe flapu.

Aina ya ndege inabadilisha mambo, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine aulize kabla. Katika Cessna 172 gurudumu la mbele limeunganishwa na pedali kupitia springi, na likiwa hewani shokapu yake inanyooka na kulifunga katikati. Pedali peke yake zinaligeuza nyuzi 10 hivi. Ukiongeza breki ya upande mmoja linafika 30. Ukishusha pua huku umekanyaga pedali, springi zinakupa nafuu kidogo. Piper za jamii ya PA-28 hazina nafuu hiyo. Muungano wao ni wa moja kwa moja, kwa hiyo pedali iliyokanyagwa dhidi ya upepo ina maana gurudumu la mbele limeshageuka kabla ya kugusa, na likigusa ndege inaruka upande huo ghafla. Kwenye Piper, miguu irudi katikati sekunde ileile pua inaposhuka, kisha ianze kazi upya. Cirrus SR22 na Diamond DA40 ziko tofauti zaidi: gurudumu la mbele linazunguka huru, hakuna muungano na pedali. Usukani wa mkia ukidhoofika, umebaki na breki za kushoto na kulia tu.

Ndege za gurudumu la mkia, kama Super Cub na Husky zinazotumika kwa doria za wanyamapori Kenya, ni somo la peke yake. Tofauti iko kwenye mahali uzito ulipo. Katika ndege ya gurudumu la pua, kitovu cha uzito kiko mbele ya magurudumu makuu. Ikigusa ikiwa imekaa upande kidogo, matairi yanaburuta nyuma ya uzito na kuinyoosha. Katika ndege ya gurudumu la mkia, kitovu kiko nyuma ya magurudumu makuu. Ni kama mshale uliorushwa mkia mbele: kichwa kizito kinataka kuja mbele. Mgeuko mdogo unazaa mkubwa, na ukishapita kiwango fulani hakuna pedali wala breki itakayourudisha. Ndege inazunguka papo hapo, bawa la nje linagonga chini, mguu mmoja unakunjika. Gurudumu la mkia lenyewe linafuata pedali ndani ya pembe fulani tu. Likizidi hapo linaachia na kuzunguka huru. Springi zilizolegea na vishikizo vilivyolika vinaifanya pembe hiyo isitabirike, kwa hiyo vikaguliwe kwa mkono kabla ya kuruka.

Hayo yote ni ya chini. Lakini ndege inayoacha njia mara nyingi ilikuwa imeshaharibiwa juu, kwa mambo mawili: mwendo wa ziada na kusogea kando.

Kitabu cha Cessna 172S kinataka noti 61 kwa kutua kwenye njia fupi, flapu zote zikiwa chini. Rubani anaongeza 10 za akiba. Noti 71 badala ya 61 si ongezeko dogo. Nishati unayotakiwa kuimaliza inapanda kwa asilimia 35. Ndege inaelea juu ya njia, haitaki kukaa, na muda wote huo upepo unaisogeza. Rubani anaona njia inaisha, anaisukuma ishuke. Gurudumu la mbele linatangulia. Sasa uzito uko mbele, magurudumu makuu hayajashika, ndege inajigeuza juu ya tairi moja dogo. Au inadunda. Akisukuma usukani kila ikiinuka, mdundo wa pili unakuwa mkali kuliko wa kwanza, na wa tatu mara nyingi ndio unaouvunja mguu wa mbele.

Akiba halali ipo kwa upepo wa mapigo: chukua tofauti kati ya upepo wa kawaida na pigo, ongeza nusu yake. Mnara ukisema noti 12 zikifika 22, tofauti ni 10, unaongeza 5. Zaidi ya hapo ni woga, na woga huo unalipwa mbele.

Kuhesabu upepo wa ubavuni hakuhitaji chati. Upepo ukiwa nyuzi 30 kutoka kwenye njia, chukua nusu. Nyuzi 45, chukua sehemu saba za kumi. Nyuzi 60 na kuendelea, uchukue wote. Zanzibar njia ni 18 na 36, yaani inaelekea nyuzi 180 na 360 za dira. Kusi ikivuma kutoka nyuzi 150 kwa noti 18, kwenye njia 18 una noti 9 kutoka kushoto. Kwa 172S, noti 15 ndizo zilizoonyeshwa na mtengenezaji wakati wa majaribio. Kwa Piper Archer ni 17. Takwimu hizo si mpaka wa kisheria wa ndege, lakini kwa mwanafunzi mwenye saa 40 nazichukulia kuwa zaidi ya mpaka.

Kusogea kando kuna dalili yake: mstari wa katikati unateleza chini ya pua. Wengi wanaileta ndege ikiwa imeelekezwa upeponi, kwa pembe kama ya nyuzi 10 katika mfano wetu wa juu, kisha wanainyoosha sekunde ya mwisho kwa pedali na kulaza bawa la joshi. Wakiwahi kuinyoosha bila kulaza bawa, inasukumwa demani. Wakichelewa, inagusa ikiwa bado imekaa upande na inapigwa mweleka kuelekea inakokwenda. Rubani anashtuka, anakanyaga kupita kiasi. Kwa mwanafunzi naona ni salama zaidi kulaza bawa mapema, kuanzia futi 200 au 300, ili awe na muda wa kuona kama pedali inatosha. Na hapo kuna kipimo cha bure: ukiwa umekanyaga pedali mpaka mwisho na pua bado haikai sawa na njia, upepo umeizidi ndege. Usitue hapo. Tafuta njia nyingine. Bawa la joshi likiwa chini, gurudumu la upande huo litangulie, la pili lifuate, la pua liwe la mwisho. Kugusa kwa gurudumu moja kunaonekana vibaya kwa abiria, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Miinuko ya kwetu inaongeza lake. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,536. Saa nane mchana kwenye joto la nyuzi 26, hewa pale ni nyepesi kama ya futi 8,200. Kipimo kinasoma 61, lakini ndege inakwenda noti 69 hivi kwa kweli. Mwendo uleule pwani ungekuwa karibu 63. Ardhi inapita haraka na jicho linamdanganya rubani aliyezoea Mombasa, anapunguza mwendo kwa macho mpaka mabawa yanaacha kubeba. Soma kipimo, na kubali kwamba utakimbia umbali mrefu zaidi baada ya kugusa.

Kwenye viwanja vya mbugani ongeza mambo mengine. Murramu iliyokauka ina changarawe zinazofanya tairi liteleze ukibana breki. Udongo mweusi baada ya mvua unashika gurudumu moja na kuliacha jingine. Ngiri na muhanga wanachimba mashimo, kwa hiyo kupita chini mara moja kabla ya kutua si kwa ajili ya kufukuza nyumbu tu, ni kukagua njia pia. Mchana wa kiangazi, hasa Amboseli, chamchela za vumbi zinakatiza njia, na mfuko wa upepo wa mwanzo wa njia unaonyesha upande mmoja huku wa mwisho ukionyesha mwingine. Ukiona hivyo, zunguka dakika tano.

Kughairi kutua kunafaa mapema. Umedunda juu, au unasogea na huwezi kuzuia: nguvu yote, kama injini ina kabureta funga hewa ya moto, flapu zirudi nyuzi 20, pua isipande haraka, na mguu wa kulia ukanyage kwelikweli. Injini za Lycoming na Continental kwenye ndege hizi zinaivuta pua kushoto zikipewa nguvu yote kwa mwendo mdogo. Ndiyo maana ndege iliyoanza kwenda kushoto, ikiwa na noti 35, ikiongezewa nguvu inakwenda kushoto zaidi, tena ikiwa na nishati zaidi. Hapo umeshachelewa. Punguza nguvu ya injini hadi mwisho, vuta usukani nyuma hadi mwisho, iache itoke njiani ikiwa imenyooka. Ukishavuka ukingo usijaribu kurudi, kwa sababu kona ya lami ndiyo inayoukata mguu wa mbele. Kata mafuta, zima umeme, toka.

Kuna ndege inayovuta upande bila upepo, na hiyo ni kazi ya fundi. Matairi yenye upepo usiolingana, breki inayogusa muda wote, bushi za mkasi wa mguu wa mbele zilizolika, dampa ya kuzuia mtetemo inayovuja majimaji yake mekundu. Mtu mmoja ashushe mkia ili pua inyanyuke, akibonyeza panapoelekezwa na kitabu na si kwenye bati la mkia. Mwingine atikise gurudumu kushoto na kulia. Likicheza kwa sauti ya chuma, ndege ibaki chini.

Na baada ya kutua kwa kishindo au kuacha njia, hata kama inatembea, usiirudishe angani kwa sababu eti iligusa majani tu. Tazama ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha rubani: kwenye Cessna 182 hasa, kutua kwa pua kunaukunja, na dalili ya kwanza ni bati lenye mikunjo karibu na mstari wa ribiti, upande wa chini. Kagua vishikio vya injini, mabomba ya breki, ubapa kwenye matairi. Kama pangaboi lilipiga chochote huku injini inazunguka, kunyoosha ncha hakutoshi. Kwa Lycoming kuna agizo la Marekani namba AD 2004-10-14: gia ya nyuma ya krenki ikaguliwe, na bolti yake pamoja na bati la kuifungia vibadilishwe. Gia hiyo ndiyo inayozungusha kemshafti na magneto, mitambo inayotoa cheche za injini. Bolti ikikatika, injini inazima yote kwa mara moja.